Harusi ni Unguja: Fika bila kuwa mzigo kwa maharusi

Kadi za harusi zinazopita mikononi mwetu miaka hii zinataja Nungwi, Kendwa, Paje na Mji Mkongwe. Vijana wa Nairobi na Kampala wanaoana ufukweni mbele ya marafiki wachache waliowachagua. Koo za Mombasa zenye damu ya Unguja zinarudi kufunga nikaha kwa babu zao. Na watoto waliozaliwa London, Toronto au Muscat wanaichagua Zanzibar kwa kuwa ndiko ambako jamaa wa pande zote wana pa kufikia. Kwa mkazi wa Dar es Salaam hiyo ni safari ya boti. Kwa sisi wengine ni kuvuka mpaka na kuingia nchi yenye masharti yake ya kuingia, sarafu yake, na bahari isiyofuata ratiba ya ukumbi.

Naandika haya kwa ajili ya mgeni. Maharusi wana mpambaji, wana kamati, wana wazee wa kuwashauri. Mgeni huachiwa kadi na tarehe. Ndiyo maana wiki ile ile ambayo bibi harusi anapakwa hina, simu yake hailali: nani atanipokea uwanja wa ndege, hoteli yangu iko mbali kiasi gani, nimesahau cheti cha chanjo nifanyeje. Kila swali ni dogo, ila anayeuliza hayuko peke yake. Mgeni anayewapenda maharusi huyamaliza maswali hayo kabla hajafunga begi.

Jibu mapema, hata kama jibu ni hapana

La kwanza ni kuamua kama unakwenda, na kusema. Hoteli za ufukweni huwashikia maharusi vyumba kadhaa kwa bei ya kikundi hadi tarehe fulani. Tarehe ikipita, vyumba hurudi sokoni, na kama ni Julai, Agosti au wiki ya mwisho ya Desemba, huvipati tena kwa bei ile. Mpishi naye hununua mchele, samaki na nyama kwa hesabu ya watu. Anayejibu "Inshallah, tutaona" miezi minne mfululizo anamfanya mtu mwingine alipie kiti kitakachobaki kitupu. Kama mfuko hauruhusu, sema mfuko hauruhusu. Huna haja ya kutunga ugonjwa wala kikao cha kazini. Mpigie simu mama wa bibi harusi mwenyewe, umpongeze, umweleze, umwombee heri. Mazungumzo ya dakika tano yatakulindia udugu wenu.

Hapa nina neno zito kwa kamati. Mchango wa harusi ni desturi iliyowaoza wengi wetu, na siipingi. Lakini mtu aliyelipa nauli ya ndege, bima, malazi ya siku tatu na kitambaa cha sare amekwisha kuchanga. Kumkumbusha ahadi kila Ijumaa, kisha kubandika kwenye kundi la WhatsApp orodha ya waliolipa na wasiolipa, ni kumdhalilisha mtu kwa jina la furaha. Nimeona ndugu waliokopa ili wasionekane wanyonge mbele ya ukoo, na deni lile likadumu kuliko picha za harusi. Anayesafiri asidaiwe mchango. Anayechanga akabaki nyumbani ahesabiwe kuwa amehudhuria. Kamati ikilitamka hili mwanzoni, wageni wengi watalala usingizi.

Kabla ya kununua tiketi, ujue mwaliko wako unagusa shughuli zipi. Harusi ya Unguja yaweza kuwa na siku ya hina, nikaha, hafla ya wanawake usiku na chakula cha mchana kesho yake, kila moja mahali pake. Mwingine amealikwa kwa zote, mwingine kwa moja. Uliza kama watoto wamealikwa. Uliza rangi ya sare, na nani anashona. Uliza haya kwa mtu aliyeteuliwa na kamati, usimwulize bibi harusi. Saa nazo zihakikishe: kadi iliyoandikwa kwa Kiingereza itasema 4:00 pm, kundi la WhatsApp litasema saa kumi, na binamu aliyelelewa Leicester atajiandaa kwa saa nne ya usiku. Kenya, Uganda na Tanzania zinatumia saa moja. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, na Oman iko mbele kwa saa moja. Anayeunganisha ndege asome saa za mahali anapotua.

Karatasi

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita mbele ya siku ya safari. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi hawaombi viza ya kuingia Tanzania, lakini kitambulisho cha taifa, ambacho kinamtosha Mkenya kuingia Uganda au Rwanda, hakimtoshi kuingia Tanzania. Anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na idara ya uhamiaji ya kwao. Jina la kwenye tiketi lifanane herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Pwani yetu ina Fatma na Fatuma, Mwanaisha na Mwanaesha, na mhudumu wa kaunta ya ndege hajui kuwa ni mtu mmoja.

Jamaa wenye pasipoti za Uingereza hulipa dola 50 kwa viza ya kawaida ya Tanzania. Wenye pasipoti za Marekani hulipa dola 100, kwa kuwa wao hupewa viza ya kuingia mara nyingi. Waiombe mtandaoni mapema kwenye tovuti ya serikali yenyewe, maana zipo tovuti za madalali zinazofanana nayo na kutoza ziada kubwa. Na kama wanataka kushuka Nairobi kumsalimu nyanya kwanza, wajue kuwa tangu Januari 2024 Kenya inawataka wageni wengi kuwa na idhini ya kielektroniki iliyoombwa kabla ya kusafiri. Ruhusa moja haigeuki kuwa ya nchi mbili.

Kisha kuna bima. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar anatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, hata kama ana nyingine aliyokata kwao. Kiwango kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44, na hulipwa mtandaoni. Wenye pasipoti za Afrika Mashariki waangalie kundi lao kabla ya kulipa. Risiti yake ihifadhi kwenye simu na uitoe pia kwa karatasi, kwa sababu simu huzimika pale unapoihitaji.

Cheti cha homa ya manjano ndicho kinachowanasa Wakenya na Waganda zaidi. Tanzania hukidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na nchi zetu zimo. Chanjo huchomwa angalau siku 10 kabla ya kuingia, katika kituo kilichoidhinishwa kutoa kile kitabu cha manjano. Aliyechanjwa zamani asichomwe tena kwa hofu: tangu Julai 2016, Shirika la Afya Duniani linakitambua cheti hicho kwa maisha yote ya mwenye nacho, hata kama kiliandikwa kuwa ni cha miaka 10. Usinunue kitabu kilichogongwa muhuri bila sindano. Ni kosa la jinai, na ugonjwa wenyewe unaua.

Mtoto husafiri kwa hati yake mwenyewe. Akiwa na mzazi mmoja, au na shangazi, abebewe barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Maofisa wa mpakani wanaouliza juu ya watoto wanafanya kazi ya maana, wala hakuna sababu ya kuwakasirikia.

Angani, barabarani, majini

Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi uwanja wa Abeid Amani Karume, na safari huchukua saa moja na ushei. Ndege kubwa hubeba mzigo wa kawaida. Wanaounganisha kwa ndege ndogo kutoka Arusha au Dar es Salaam wajihadhari: nyingi huruhusu kilo 15 tu kwa mtu, begi la mkononi likiwemo, na hutaka mabegi laini yasiyo na fremu ngumu. Shangazi mwenye madera manne, viatu vya visigino na boksi la vyombo vya zawadi atafungua begi lake mbele ya watu.

Nguo ya harusi ibebe mkononi. Kanzu, kofia ya vito, gauni la sare, dhahabu, dawa na hati zisiingie kwenye mzigo unaokwenda tumbo la ndege. Begi likichelewa siku mbili utavumilia bila nguo za kuogelea, ila hutasimama nikahani na suruali ya safari. Anayebeba dhahabu kutoka Ghuba awe na risiti zake.

Wanaotoka Mombasa na wasiotaka ndege huvuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, wakapita Tanga hadi Dar es Salaam, kisha boti. Safari hiyo ya basi inakula siku nzima. Ukoo ukiamua kukodi basi au matatu yake, mwenye gari awe na kibali cha kuvuka mpaka na kubeba abiria, na bima inayotambulika upande wa pili, ile inayojulikana mpakani kama kadi ya manjano ya COMESA. Hakikisheni wiki mbili kabla. Basi likizuiliwa Lunga Lunga usiku, watu hamsini watampigia simu bwana harusi kwa pamoja.

Boti za mwendo kasi kutoka Dar es Salaam hadi bandari ya Malindi, Unguja, huchukua takriban saa mbili. Nunua tiketi mtandaoni au ndani ya ofisi ya kampuni yenyewe, wala usimpe pesa mtu anayekukimbilia nje na kitabu cha risiti. Mgeni ana nauli yake na mkazi ana yake, na vitambulisho hukaguliwa, kwa hiyo usimtume binamu wa Temeke akununulie ya mkazi. Ukifika Malindi utakaguliwa tena na uhamiaji wa Zanzibar ingawa ulishagongewa muhuri bara. Nje ya lango utakutana na papasi, vijana wanaotafuta wageni wa kuwapeleka hotelini. Ukishapanga usafiri wako na kujua jina la dereva, utawapita kwa salamu na kutabasamu.

Hili la boti nataka nilikazie, na wenyeji watanielewa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Julai 2012, MV Skagit ikazama ikitoka Dar es Salaam kuja Unguja katika siku ya upepo mkali. Watu wengi mno waliangamia, na zipo nyumba visiwani ambazo hazijapoa hadi leo. Kama harusi iko Pemba, au umechelewa boti ya alasiri, usikubali kupenya kwenye chombo kilichojaa wala jahazi la kuvusha watu usiku kwa bei ya chini. Kama Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa onyo na safari zimesimamishwa, kaa Dar. Utaikosa hina. Hakuna bibi harusi anayetaka uhatarishe maisha ili ufike.

Upepo, mvua na maji

Mgeni wa bara hutazama tarehe. Mtu wa pwani hutazama tarehe na mwezi wa angani. Masika hunyesha tangu Machi hadi Mei, na baadhi ya hoteli hufunga Aprili na Mei. Bei huwa chini, lakini hema la ufukweni huwa na matope. Vuli huja Oktoba hadi Desemba kwa manyunyu ya kupita. Kaskazi, kuanzia Desemba, huleta joto kali la Januari na Februari, na suti nzito ya sufu iliyoshonwa kwa baridi ya Nairobi au London itakutesa. Vaa kitani au pamba. Kusi huvuma katikati ya mwaka, hewa inapoa, lakini mkondo kati ya Dar na Unguja huchafuka. Wanaopata kichefuchefu wanywe dawa kabla ya kupanda, wakae chini katikati ya boti, na wasifunge safari wakiwa na njaa kabisa wala wameshiba pomoni.

Kisha kuna kujaa na kupwa. Upande wa mashariki, Paje, Jambiani, Matemwe, maji yakipwa hukimbia mbali hadi karibu na mwamba, na unabaki na uwanda wa mchanga na mashamba ya mwani. Upande wa kaskazini, Nungwi na Kendwa, tofauti si kubwa hivyo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokamilika, maji hujaa sana na kupwa sana. Kwa kawaida siku hizo hujaa alasiri na kupwa asubuhi kuelekea saa nne au tano. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka na alasiri maji huwa mbali. Aliyepanga harusi amekwisha kulijua hilo, au angepaswa kulijua. Wewe mgeni lichukue kwa ajili ya usalama wako. Ukiwafuata watoto wakitembea hadi kwenye mwamba wakati wa kupwa, geuka mapema. Maji hurudi kwa kasi kupitia vijito vya chini na yanaweza kukuzunguka kabla hujayaona mbele yako. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu ya miiba ya viumbe vya baharini. Na usikanyage vigingi na kamba za mwani wala kuvipigia picha kama mapambo. Ni shamba la mwanamke fulani wa kijiji hicho, naye amelilima akiwa amezama majini hadi kiunoni.

Jua nalo huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Harusi ya saa kumi na moja ikichelewa kwa saa moja, mpiga picha anabaki na dakika chache za mwanga. Kuwa kwenye kiti chako kabla ya wakati ni zawadi ambayo haigharimu senti. Kama harusi iko Paje na umelala Nungwi, hesabu karibu saa mbili za barabara. Hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanatafuta chumba cha bei nafuu popote kisiwani, kisha wanagundua kuwa teksi ya kwenda na kurudi imekula akiba yote.

Kuvaa, kuingia, kutoa

Harusi ya marafiki wa Nairobi katika hoteli ya ufukweni ina adabu zake, na nikaha ya ukoo wa Mji Mkongwe ina zake. Ya kwanza itakuwa na viti mchangani, muziki, pengine na kileo ndani ya uzio wa hoteli. Viatu vya visigino vyembamba vitazama. Ukitoka nje ya hoteli, hata kwenda dukani kununua maji, jifunike mabega na magoti. Serikali ya Zanzibar imewakumbusha wageni hilo mara nyingi, na wenyeji, ambao wengi wao mno ni Waislamu, huliona kuwa heshima ya chini kabisa. Nguo zenye madoa ya kijeshi usizibebe kabisa, kwa raia ni marufuku.

Nikaha husomwa msikitini, au nyumbani kwa upande wa bibi harusi, mbele ya wanaume. Vaa kanzu na kofia ukiwa nazo. Mgeni asiye Mwislamu aliyealikwa avae shati la mikono mirefu na suruali safi, avue viatu, aketi mkekani walipoketi wenzake na kunyamaza wakati wa khutba. Halua na kahawa zikizunguka, pokea kwa mkono wa kulia. Wanawake wana hafla yao, kwa kawaida usiku, na ndiyo yenye taarab, mapambo, kutunza na vicheko. Humo ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba kwa ajili ya wenzao. Simu haitoki mkobani. Mara nyingine hukusanywa mlangoni, na aliyekuja kutoka mbali asilione hilo kuwa tusi. Picha moja iliyorushwa mtandaoni na mgeni inaweza kumletea mwanamke wa watu taabu ambayo mgeni mwenyewe hataisikia huko aliko.

Mwezi wa Ramadhani karibu hakuna harusi, lakini maandalizi na ziara huangukia humo, na kila mwaka mwezi huo hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Ukifika mchana wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani. Hoteli hutoa chakula ndani. Na mpiga picha wenu akitaka kurusha droni, kibali kiombwe kabla. Kifaa kisicho na kibali hunyang'anywa, na siku ya harusi si siku ya kukaa kituo cha polisi.

Zawadi iwe pesa ndani ya bahasha, au kitu chepesi. Maharusi waliokuja kwa ndege watarudi kwa ndege, na seti ya vyombo uliyoibeba kwa taabu kutoka Eastleigh itaachwa kwa jirani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo hata kufungia zawadi tumia kitambaa au karatasi. Wanawake wanaokwenda kutunza wabadilishe noti ndogo za shilingi mapema. Kanuni zilizoanza Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma ndani ya Tanzania kutozwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mwenye dola au pauni azibadilishe benki au kwenye duka rasmi la fedha. Mashine za benki zimejaa Mjini, ufukweni ni chache. Namba ya malipo ya M-Pesa ya Kenya haifanyi kazi kwa muuza duka wa Paje. Kutuma kutoka Kenya kwenda namba ya Tanzania kunawezekana, ila jaribu kwa kiasi kidogo kabla hujasafiri. Nauli ya teksi ikubalianeni kabla mlango haujafungwa. Anayetaka kuendesha gari mwenyewe amwombe mwenye gari amshughulikie kibali cha udereva cha Zanzibar, maana vizuizi vya polisi ni vingi njiani na swali la kwanza huwa ni hilo.

Mwili nao umealikwa

Zanzibar imepunguza malaria kwa kazi kubwa ya miaka mingi, lakini ugonjwa haujakwisha. Watu wa Nairobi na Nakuru, na zaidi watoto waliozaliwa Ulaya, miili yao haijauzoea. Onana na daktari kabla ya safari juu ya dawa ya kujikinga, lala ndani ya chandarua na ujipake dawa ya mbu jioni, hasa miguuni unapoketi chini ya meza ya karamu. Ukipata homa ndani ya majuma kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulikuwa Zanzibar. Daktari wa Birmingham atafikiria mafua.

Wazee wapangiwe kwanza, kabla ya vijana. Vichochoro vya Mji Mkongwe havipitishi gari, na nyumba zake za kale zina ngazi za mwinuko. Mtafutie nyanya chumba cha chini, karibu na barabara ya gari, hata kama ndicho chumba cha kawaida kuliko vyote. Kiti cha magurudumu uwanja wa ndege kiombwe saa 48 kabla. Dawa za sukari na presha zibaki kwenye pakiti zake na karatasi ya daktari, ndani ya begi la mkononi, za kutosha siku kadhaa zaidi ya safari. Hospitali kubwa ya umma, Mnazi Mmoja, iko Mjini. Kutoka Nungwi ni zaidi ya saa moja kwa gari. Namba ya bima na ya dereva anayepokea simu usiku ziandikwe kwenye karatasi ya kila familia. Hapa pia ndipo kijana mmoja wa ukoo anapoweza kufanya kazi ya maana kuliko kucheza muziki: akabidhiwe wazee, awe nao mezani, awarudishe kulala mapema.

Siku ya kuondoka

Usipange ndege ya asubuhi kesho yake. Karamu huchelewa, barabara ni ndefu, na kama ndege yako inaondokea Dar es Salaam, boti inaweza kuahirishwa na upepo. Vuka siku moja kabla. Kombe na matumbawe uliyookota yaache ufukweni, wakaguzi huyatafuta kwenye mizigo. Picha za maharusi ziache watoe wao kwanza. Anayemaliza hoteli ahakikishe amelipa kodi za kila usiku, ambazo mara nyingi hazimo kwenye bei aliyolipa mtandaoni na zisipolipwa huandikwa kwenye bili ya kikundi, yaani ya maharusi. Na kama mtu wa kamati alikulipia teksi, chakula au chumba cha dharura, mrudishie papo hapo kwa shilingi za Tanzania kabla hujaondoka kisiwani. Ukishafika nyumbani, makato ya kutuma pesa nje ya nchi yatajumlishwa juu ya deni, naye ataona haya kukudai.